Mioyo Mitano ya Tabibu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kwanini alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuifanya: kupangusa meza ya baba yake. Baba alikuwa fundi vioo. Karakana yake ilitazama barabara, nyumba yao ikiwa nyuma, na katikati ya karakana palikuwa na meza pana iliyotandikwa blanketi nene. Juu ya blanketi hilo ndipo vioo vilipolazwa vikakatwa, na hata chembe moja ya jana ingeweza kukwaruza kioo cha leo. Kwanini aliipangusa kwa brashi laini, taratibu, huku akiuliza maswali.

“Baba, kwa nini unapaka kisu mafuta?”

“Ili kiteleze vizuri.”

“Na kwa nini kioo kinakatika pale pale ulipochora?”

“Kwa sababu nimekwisha kupadhoofisha.”

“Na kwa nini…”

“Na kwa nini usiende shule?” baba akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Jina lake lilitokana na hayo. Mama alipenda kusimulia kwamba neno la kwanza la binti yake lilikuwa “mama,” la pili “maji,” na la tatu “kwa nini,” na tangu siku hiyo nyumba haikupata utulivu tena. Jina la kwenye cheti lilibaki la mwalimu, wakati wa kuita mahudhurio.

Juu ya karakana palikuwa na chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Humo kaka yake mkubwa alikuwa akitengeneza gemu ya kompyuta pamoja na dada mmoja aliyesoma naye chuoni. Kaka aliandika maagizo yanayoiendesha gemu. Yule dada alichora kila kitu kilichoonekana ndani yake, kuanzia mabawa ya majoka hadi vifungo vya viatu, ndiyo maana watu wote wa nyumba ile walimwita Mchoraji. Gemu yenyewe iliitwa Bonde la Majoka. Mchezaji alikuwa shujaa mwenye upanga, akisafiri kutoka kijiji hadi kijiji, akitafuta wenzake wa kumsaidia kupambana na joka lililokuwa likichoma mashamba.

Kwanini ndiye aliyekuwa mchezaji wao wa kwanza. Kila jioni, akimaliza kazi za shule, alipanda ngazi, akacheza kidogo, kisha akaeleza ni wapi alipopotea na ni wapi alipochoka. Hakuna aliyeifanya kazi hiyo vizuri kumshinda, maana hakuna aliyeuliza maswali mengi kama yeye.

Wiki ile aliwakuta wakubwa hao wakibishana. Kampuni moja ya kuuza gemu ilikuwa imeahidi kuitazama kazi yao mwishoni mwa mwezi, na jambo moja lilikuwa bado halijaamuliwa: je, shujaa aweze kupenda na kupendwa, au apigane tu?

“Mtu amekuja kupambana na joka,” kaka alisema, akizungusha kiti chake. “Joka linatema moto, kijiji kinaungua, halafu wewe unataka shujaa asimame apeleke posa?”

“Na hicho kijiji anakiokoa kwa ajili ya nani?” Mchoraji alijibu bila kuinua macho kwenye mchoro. “Watu hawapiganii nyasi. Wanapigania watu wao.”

“Huo ni upuuzi wa kupoteza muda.”

“Upuuzi huo umeutengeneza mwenyewe, tena umeutengeneza vibaya.”

Kwanini, aliyekuwa amekaa katikati yao kama refa aliyepoteza filimbi, akauliza, “Kwa nini msiniache nijaribu kwanza?”

Kaka akatazamana na Mchoraji. Akamsogezea kipanya. “Haya, jaribu. Sisi tumechoka kusikilizana.”

Hivyo ndivyo Kwanini alivyokutana na Tabibu. Alikuwa mwanamke kijana mwenye kilemba cha buluu na mfuko wa dawa begani, akiishi peke yake kwenye kibanda kando ya mto. Juu ya kichwa chake ilielea mioyo mitano, yote mitupu. Shujaa alipozungumza naye, majibu matatu yalitokea chini ya skrini. Ukichagua jibu la kupendeza, moyo mmoja uligeuka mwekundu. Ukichagua la kuudhi, ulibaki mtupu. Ukimpa asali, ulijaa hata bila maneno.

Siku moja Tabibu alimwuliza shujaa, “Je, ulikilinda kijiji usiku joka lilipokuja?” Ukweli ni kwamba Kwanini alikuwa amekiacha kijiji akaenda kuchimba hazina milimani. Akasita kidogo, kisha akachagua jibu la kwanza: *Nilikilinda kwa nguvu zangu zote.* Moyo ukajaa chapu.

“Kumbe ni rahisi hivi!” alijisemea.

Shuleni, Kwanini alikuwa na rafiki aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Kwa kuwa hawakuachana, watu walimwita rafiki huyo Pacha, ingawa mmoja alikuwa mrefu kama mlingoti na mwingine mfupi kama kisiki. Kwa majuma kadhaa walikuwa wakitengeneza chujio la maji kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule. Walichukua chupa kubwa ya plastiki, wakaikata kitako, wakaipindua. Ndani yake walipanga kokoto, mchanga, mkaa uliotwangwa na kuoshwa, na kitambaa chini kabisa. Maji machafu yaliingia juu yakatoka chini meupe. Walipoyaona mara ya kwanza walipiga kelele hadi jirani akachungulia ukutani.

Kwa siku ya maonyesho waligawana mzigo. Pacha angeleta chupa, kokoto na mchanga. Kwanini angeleta mkaa.

Jumamosi ilipofika, mkaa ulikuwa tayari ndani ya kopo, umeoshwa ukang’aa. Kwanini alikuwa amevaa sare yake, viatu vimepigwa rangi, na muda ulikuwa bado upo. Mioyo minne ya Tabibu ilikuwa imejaa tangu jana yake. Umebaki mmoja. Angesema nini ukijaa? Akitaka kujua jambo, Kwanini hakuweza kutulia. Alikuwa kama mtu mwenye mwiba mguuni.

“Dakika moja tu,” alijiambia, akapanda ngazi na kopo lake mkononi.

Chumbani hapakuwa na mtu. Alianza kumtafuta Tabibu, akamkosa kibandani, akaambiwa yuko ng’ambo ya mto. Daraja lilikuwa limevunjwa na joka. Ili kulijenga alihitaji magogo, na magogo yalikuwa msituni, na msituni kulikuwa na fisi. Hatimaye alimpata, akampa asali, na moyo wa tano ukajaa. Tabibu akatabasamu akasema, “Sasa mimi ni wako.” Muziki ukapigwa, maua yakanyesha kwenye skrini, basi. Tangu hapo kila alipomsemesha alirudia maneno yale yale: “Sasa mimi ni wako. Sasa mimi ni wako.”

Kwanini alishangaa kidogo. Ndiyo imekwisha? Kisha akageuka dirishani, akaona jua lilivyopanda, na moyo wake mwenyewe ukamlipuka.

Alinyakua kopo, akakimbia njia nzima. Alipofika shuleni, watu walikuwa wakikunja meza na kubandua karatasi ukutani. Pacha alikuwa ameketi getini kwenye ndoo iliyopinduliwa, chupa yao ikiwa miguuni pake.

“Ulikuwa wapi?” Pacha aliuliza. Hakupaza sauti. “Nilitia mchanga na kokoto tu. Maji yakatoka vile vile, kama ya dimbwini. Mgeni mmoja akaniuliza mbele ya watu kama niko tayari kuyanywa. Wakacheka, Kwanini. Walicheka wote.”

Ni ajabu jinsi akili inavyofanya kazi. Kwanini alipomtazama rafiki yake, aliona kama majibu matatu yamejipanga chini ya uso wake. Akachagua lile la kupendeza.

“Nilishikwa na homa,” alisema. “Nilitetemeka usiku kucha. Hata sasa nimejikongoja tu kuja.”

Uso wa Pacha ukalainika mara moja. “Masikini! Pole sana. Mimi nikadhani umenisahau. Kwa nini umekuja juani? Rudi ukalale.” Akambebea hata lile kopo.

Moyo umejaa, Kwanini aliwaza. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani, alijihisi kama aliyemeza kokoto.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake mchana Pacha alikuja na mfuko wa machungwa kumjulia hali mgonjwa. Alimkuta baba amelaza kioo mezani.

“Shikamoo baba. Nimekuja kumwona Kwanini. Homa imepungua?”

“Marahaba, mwanangu. Homa gani tena?”

“Ya jana.”

“Jana?” Baba akainua kichwa. “Jana alikuwa juu anacheza gemu ya kaka yake tangu asubuhi. Nilimsikia akipigana na fisi.”

Kwanini alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, nyuma ya baba yake, na alisikia kila neno. Macho yake yakakutana na ya Pacha. Pacha hakulia wala hakutukana. Aliuweka ule mfuko mezani, pembeni ya kioo, kwa uangalifu sana.

“Hayo wape wagonjwa,” alisema, akaondoka.

Baba akamgeukia binti yake. “Mimi ndiye niliyesema jambo baya, au ni wewe?”

Kwa mara ya kwanza, Kwanini hakuwa na swali.

Ila alikuwa na mpango. Kama mioyo ya Pacha ilikuwa mitupu, ingejazwa tena. Jumatatu alimpelekea Pacha kalamu yake ya rangi nne, ile ambayo rafiki yake alikuwa akiitamani. Pacha aliisogeza kwa kidole hadi upande wa pili wa dawati. Jumanne alileta kibanio cha nywele chenye kipepeo. Kikarudishwa. Jumatano alileta pakiti nzima ya biskuti. Wanafunzi wa dawati la mbele wakala, wa nyuma wakala, hata aliyekuja kuazima kifutio akala. Pacha pekee hakugusa.

“Kwa nini hutaki?” Kwanini alinong’ona. “Nimekuletea vitu vizuri.”

Pacha akamgeukia. “Unanimwagia chakula kama kuku unayetaka aingie bandani. Mimi si kuku.” Akachukua mkoba wake, akahamia dawati la dirishani.

Jioni hiyo Kwanini alipanda ngazi pole pole. Kaka na Mchoraji walikuwa wameketi, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Ubishi wao ulikuwa umefika mahali ambapo hata maneno yamechoka. Akaketi katikati yao.

“Kaka, Tabibu alijaa mioyo kwa asali tu. Kwa nini Pacha hajai?”

“Hajai vipi?”

Akawasimulia yote: kopo la mkaa, homa ya uongo, machungwa, kalamu, kibanio na biskuti. Hakuruka kitu. Alipomaliza, Mchoraji alikuwa amegeuza kiti chake, na kaka alikuwa akijikuna kidevu.

“Pacha anaweza kukukataa,” kaka alisema hatimaye. “Tabibu hawezi.”

“Kwa nini hawezi?”

“Kwa sababu sikumwandikia.” Akaitazama skrini kama anaiona kwa mara ya kwanza. “Nilimwandikia ‘asante’, nikamwandikia ‘mimi ni wako’. Neno ‘hapana’ sikumwandikia.”

Kwanini alifikiri kidogo. “Kwa hiyo hakunipenda.”

“Alihesabu tu,” Mchoraji alisema kwa upole. “Asali moja, moyo mmoja.”

“Na nilipomdanganya kuhusu kijiji?”

“Hakujua. Hatukumpa kumbukumbu.”

Kaka akapiga meza kofi. “Si nilikwambia? Tuyaondoe haya mambo! Mapenzi kwenye gemu yanafundisha watoto ujinga.”

“Yakifundishwa kijinga, ndiyo,” Mchoraji akasema. “Hata upishi ukifundishwa kijinga unaunguza nyumba. Tutaacha kupika?”

Kwanini hakutaka kuwasikia wakianza upya. Akashuka.

Mama alikuwa amerudi kutoka kazini, hospitali, alikosimamia ufuaji wa mashuka, naye alikuwa ameinua miguu yake juu ya kiti kuipumzisha. Baba alikuwa akinawa vumbi la kioo mikononi. Kwanini akawauliza swali ambalo, cha ajabu, hakuwahi kuwauliza.

“Baba, ulimpataje mama?”

Baba akakohoa. Mama akaanza kucheka kabla hajasema neno.

“Alitukatia kioo kifupi,” mama alisema. “Dirisha la kwa baba yangu lilivunjika, akaitwa huyu bwana, wakati huo kijana mwembamba kama ufito. Akapima, akaenda, akarudi na kioo. Kikapwaya upana wa kidole. Upepo ukaingia ukapiga mluzi.”

“Upana wa nusu kidole,” baba alisahihisha.

“Kabla yake alikuwa amekuja fundi mwingine, na kioo chake pia hakikukaa. Yule alisema dirisha letu limepinda, ukuta wetu umepinda, karibu aseme na sisi tumepinda. Huyu alikitazama kioo, akamgeukia babu yako, akasema, ‘Mzee, nimekosea kipimo. Dirisha halina tatizo. Nitakata kingine.’ Basi. Hakuleta maua, hakuleta asali. Nikasema moyoni, huyu mtu akisema jambo, naweza kuliamini.”

“Ndiyo ukampenda?”

“Siku hiyo? Hata! Mpaka nimpende ilichukua muda. Nilimkataa kwanza, akakubali kukataliwa, akaendelea kunisalimia vizuri njiani. Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria.”

Kwanini akamgeukia baba. “Mimi nimemvunja Pacha. Utasema urafiki ni kama kioo, ukivunjika haurudi?”

“Hapana,” baba alisema, akijifuta mikono. “Kioo kikivunjika nakitupa, maana hakisikii wala hakisemi. Rafiki yako ni mtu. Mtu unaweza kumwendea ukamwambia kweli. Asipotaka kukusikia, hiyo ni haki yake. Lakini kweli utakuwa umeisema.”

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Kwanini alimwendea Pacha kwenye bomba la maji. Safari hii mikono yake ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi.

“Sikuumwa,” alisema. “Nilikuwa nacheza gemu. Mkaa ulikuwa tayari tangu Ijumaa; niliuweka juu ya meza nikicheza, nikausahau. Halafu nikakudanganya ili usinikasirikie. Ulichekwa kwa sababu yangu.”

Alisubiri. Hapakuwa na moyo wowote uliogeuka rangi. Pacha alifunga bomba, akakung’uta maji vidoleni.

“Nimesikia,” alisema. “Sasa niache kidogo.”

Akamwacha. Lilikuwa jambo gumu kuliko kupigana na fisi wote wa msituni. Kwanini alirudi darasani, na kwa kuwa bado kulikuwa na jambo moja la kukiri, akaenda kwa mwalimu wa sayansi.

“Mwalimu, chujio letu halikuharibika kwa kosa la mwenzangu. Mimi sikuleta mkaa. Nilikuwa nyumbani nacheza.”

Mwalimu alishusha miwani. “Unajua kuniambia hivi hakutamrudisha rafiki yako?”

“Najua, mwalimu. Lakini wewe ulidhani hakujiandaa, na alijiandaa.”

Mwalimu akasema darasa lote litaliona chujio lile likifanya kazi wiki ijayo, iwapo wenyewe wako tayari. Pacha alipoambiwa hakushangilia. Alikuja tu kwenye dawati la Kwanini, akasimama kama mtu wa ofisini, akasema, “Leta mkaa. Mapema.”

Kwanini alileta mkaa mapema hata mlinzi wa geti akamwuliza kama amelala hapo. Walifanya kazi kwa maneno machache. Shika hapa. Mimina. Bado. Siku ya kulionyesha darasani, Kwanini alipokandamiza kitambaa kwa nguvu kupita kiasi, chupa ikabinyika na maji yakamrukia Pacha usoni. Pacha alifumba macho, akayafumbua, maji yakimdondoka puani.

“Angalau ni safi,” alisema, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe.

Hawakurudi kuwa kama zamani siku hiyo hiyo. Pacha alibaki kwenye dawati la dirishani kwa siku kadhaa zaidi, na mara mbili alimwuliza Kwanini, “Una hakika?” kwa jambo dogo ambalo zamani angeliamini bila kuuliza. Kwanini alijibu kila mara, bila kununa. Kisha asubuhi moja alikuta mkoba wa Pacha umewekwa kwenye dawati lao, mahali pake pa siku zote.

Jumamosi Pacha alipanda ngazi kwa mara ya kwanza. Kaka na Mchoraji walikuwa na macho mekundu kwa kazi ya wiki nzima, lakini walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza.

“Tumeibadilisha,” kaka alisema. “Tabibu sasa anakumbuka. Ukimdanganya, siku akijua anaondoka. Zawadi anapokea, akashukuru, lakini hazimlazimishi kitu. Anaweza kusema hapana, na ukikataliwa gemu haiishi; mnaweza kubaki marafiki mkapambana na joka pamoja. Na asiyetaka habari za mapenzi, njia yake iko wazi.”

“Kwa hiyo mapenzi yamebaki?” Kwanini aliuliza. “Kaka, si uliyachukia?”

Kaka akatabasamu kwa aibu. “Kumbe niliyoyachukia si mapenzi. Ni duka la mapenzi nililolifungua mwenyewe.”

Pacha akashika kipanya. Alikuwa mchezaji mwangalifu. Alipofika kijijini alikilinda kwanza, kisha akakosea: aliahidi kumletea Tabibu mizizi ya dawa, akapotelea pangoni, akarudi mikono mitupu. Majibu matatu yakatokea. Moja la kujisifu, moja la kusingizia joka, moja la kubadilisha mazungumzo. Pacha akayasoma yote, akaweka kipanya chini.

“Lile la kusema kweli liko wapi?”

Kaka akachungulia. Mchoraji akachungulia. Kwa muda wote ule walikuwa wamemfundisha Tabibu kukumbuka na kukataa, wakasahau kumpa shujaa njia ya kukiri.

“Mdogo wangu,” kaka akamwambia Kwanini, “shujaa aseme nini?”

“Aseme alichokifanya tu. Asijipambe.”

“Na Tabibu amjibu nini? Amsamehe?”

Kwanini alimtazama Pacha. Pacha aliinua mabega.

“Wakati mwingine asamehe,” Kwanini alisema, “na wakati mwingine aseme anataka kukaa peke yake kwanza. Mchezaji asijue ni ipi. Akijua, atasema kweli kama anayenunua.”

Mchoraji alicheka kwa furaha, akamvuta karibu. “Sikilizeni, wadogo zangu. Watu watatuuliza kwa nini tumeweka mambo ya kupendana kwenye gemu ya majoka. Mimi nitawaambia: kwa sababu kupendana ni sehemu ya maisha, na hadithi isiyo nayo ni ya nusu. Lakini asitokee mtu akawadanganya, iwe kwenye gemu au nje yake, kwamba moyo wa mtu unafunguliwa kwa zawadi na maneno matamu. Iwe ni rafiki leo, au ni mchumba mtakapokuwa watu wazima, anayekujali utampata kwa kusema kweli na kutimiza ahadi. Na hata ukifanya yote hayo, bado ana haki ya kusema hapana. Hiyo hapana yake ndiyo inayoipa thamani ndiyo yake.”

“Na wewe,” kaka aliongeza, akimgusa dada yake begani, “ukiwa na kazi ya kufanya, kazi kwanza. Gemu haikimbii.”

“Nimejua,” Kwanini alisema.

Kaka akaandika mistari mipya, vidole vikipiga kibodi kama mvua juu ya bati, kisha akampa Pacha nafasi yake. “Haya, mgeni. Unataka shujaa wako ampose Tabibu, au aende zake kwenye joka?”

Pacha alimtazama yule mwanamke mwenye kilemba cha buluu, aliyesimama kando ya mto akisubiri.

“Mbona haraka? Hata simjui,” alisema. “Akiwa hatibu wagonjwa, anapenda nini? Anachekeshwa na nini?”

Kaka akamgeukia Mchoraji. Mchoraji akamgeukia kaka. Kaka akavuta kibodi aanze kuyaandika.

“Kuuliza si ujinga,” Kwanini alisema, akivuta kiti chake karibu na cha rafiki yake. “Muulize mwenyewe.”